Madigadi ya Kushoto

Wanasema hasira hasara. Mimi hasara nilishaipata, kwa hiyo niachieni hasira yangu niimalize.

Nilitimiza miaka hamsini Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, kondoo wakiwa wameshateremshwa kutoka milimani, wengine wao wakiwa wameshaning'inizwa kwenye kibanda cha moshi. Sikutaka sherehe. Mdogo wangu Ketill ndiye aliyetaka. Yeye anaishi mji mkuu, Reykjavík, ambako hulipwa kuwaambia watu makochi yao wayaelekeze wapi. Mwezi wa sita alikuja hapa shambani Hólsel akaniomba ufunguo wa Landrova.

"Namjua fundi mmoja mzuri," alisema. "Ataangalia ekseli ya nyuma. Wakati huu wa joto huihitaji, dada. Utaipata kabla ya theluji."

Nikampa ufunguo. Mjinga ni mimi.

Landrova ile ni ya mwaka 1966 na baba yetu ndiye aliyeinunua. Ilitoka kiwandani na vijitairi vyembamba, na kwa miaka kumi na tano ikabaki hivyo. Kisha Baba akaikata madigadi kwa mkono wake, akaingiza matairi mapana yanayonifika kiunoni. Baada ya hapo hapakupita mwaka bila kuongezwa kitu. Viti vilitoka kwenye basi la shule lililokufa. Hita ya miguuni aliitengeneza Mama kwa bomba la mashine ya kukamulia maziwa. Mimi niliweka winchi ya kujikwamulia nilipokuwa na miaka kumi na tisa, na tangi la pili la mafuta mwaka nilioachana na mume wangu. Na kila aliyebadilisha kitu aligonga herufi za jina lake na tarehe palepale alipopabadilisha, kwa zile herufi za chuma ambazo Baba alizitunza kwenye kopo la kahawa. Ndiyo desturi ya nyumba yetu. Ukilala chini ya gari lile ulikuwa unatusoma sote, isipokuwa Ketill, ambaye aliondoka ana miaka kumi na sita na hakuwahi kukaza hata nati moja.

Jambo lingine mlijue. Kati ya Hólsel na dunia kuna mlima wa Langahryggur. Gari la serikali la kuondoa theluji linaishia kwa Bersi, jirani yangu wa upande wa pili, na kutoka kwake hadi kwangu ni kilomita kumi na mbili ambazo kuanzia Novemba mpaka Aprili hazina mwenyewe. Trekta ni zito, huzama. Bila Landrova yenye matairi mapana, nauza kondoo nahamia mjini, basi.

Siku ya sherehe watu kama ishirini walijaa jikoni kwangu wakila mkate bapa na nyama ya kondoo ya moshi. Ghafla tukasikia honi. Tukatoka nje. Ketill alikuwa anapanda njia ya kwetu polepole, na mwanzoni nilidhani amekodi gari la maonyesho. Kijani kibichi, kinang'aa. Kofia nyeupe juu. Utepe mwekundu kwenye boneti. Na chini yake vile vijitairi, vyembamba kama vya baiskeli.

Watu wakapiga makofi. Ketill akaruka chini, akanipa picha ya zamani iliyotiwa fremu: Landrova ya kijani, kiangazi cha mwaka 1980, Baba na Mama wameiegemea, mimi nimesimama, na Ketill mwenyewe, hajafika hata miaka mitatu, ameketi juu ya boneti anacheka.

"Imerudi kama ilivyozaliwa!" alisema. "Kila skrubu, dada. Miezi minne! Mafundi watatu! Heri ya kuzaliwa!"

Niliinama nikatazama ndani ya madigadi ya mbele ya kushoto. Bati lilikuwa jipya, laini, halina hata mkwaruzo.

"Ziko wapi za zamani?" nikamuuliza.

"Nini za zamani?"

"Madigadi, Ketill. Madigadi za zamani umezipeleka wapi?"

"Aa, yale mabati? Yalikuwa yamekatwakatwa vibaya, hayafai. Fundi aliyapeleka kwenye chuma chakavu mwezi wa nane. Yameshayeyushwa hayo." Akacheka. "Yawezekana ni makopo sasa, umeshakunywa soda humo!"

Nikamwona Bersi. Mzee yule ana miaka sabini na minane, na alikuwa rafiki wa Baba tangu utotoni. Alikuwa ameshika kikombe cha kahawa, na kahawa inamwagikia buti zake wala hana habari.

"Ketill, mwanangu," alisema taratibu, "ungeuliza kwanza."

"Zawadi gani ya kuuliza kwanza, mzee Bersi?"

Basi nikafungua mdomo. Nilimwambia mbele ya watu kwamba ameniletea sanamu. Nilimwambia kwamba kwa vijitairi vile sivuki mlima hata mara moja, na kama alitaka kunihamisha Hólsel angesema tu, kuliko kunifunga utepe. Shangazi mmoja akaniambia zawadi haikataliwi. Nikamwambia aichukue yeye. Ketill akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Asante ya punda mateke," alisema. "Baba aliliharibu gari zuri, akalifanya chura. Mimi nimelitengeneza. Mlima huohuo aliupanda na matairi hayahaya, miaka kumi na tano. Wewe unashindwa nini?"

Hapo niliingia ndani, maana nilikuwa na kisu cha keki mkononi.

Sasa niseme kilichokuwa ndani ya madigadi ile ya kushoto, kwa sababu Ketill alikuwa hajui na ninyi hamna sababu ya kutojua.

Mwezi wa tatu mwaka 1981 Mama alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Baba akampakia kwenye Landrova ya kijani, ile nzuri ya kwenye picha, wakaanza kupanda Langahryggur. Sisi wawili tulibaki na bibi. Kwenye kona ya pili, pale ambapo upepo hulundika theluji kila mwaka, vile vijitairi vikachimba mpaka gari likakalia tumbo. Walikaa pale kwa muda wa saa tisa. Mtoto wa kiume akazaliwa humo garini, akapumua kidogo. Baba aliyeyusha theluji kiganjani akambatiza jina: Hallur. Bersi ndiye aliyewafikia kwa miguu, akakuta Baba amemfungia mtoto ndani ya koti lake na hataki kumtoa.

Juma lililofuata Baba akaanza kukata. Nilikuwa na miaka saba, nilimshikia tochi. Alipomaliza madigadi ya kushoto akachukua kopo la herufi, akagonga ndani yake HALLUR na tarehe. Hakugonga jina lake. Kaburini pameandikwa "mtoto wa kiume" tu, kwa kuwa Mama hakuvumilia kulisoma lile jina kila Jumapili. Lilikuwa pale, kwenye bati. Kila mwaka tarehe tisa mwezi wa tatu Baba aliingia chini ya gari na kitambaa akalifuta matope, na alipofariki nikawa nalifuta mimi.

Ketill hakuambiwa. Mama alikataa. "Nataka nyumba hii iwe na mtu mmoja asiyejua," alisema, "tupate wa kucheka." Mama alifariki Januari mwaka huu. Tangu Januari mpaka mwezi wa sita ningeweza kusema, na kila Ketill aliponipigia simu tuliongea habari za hali ya hewa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilificha, kisha nikamkabidhi ufunguo.

Jumapili asubuhi theluji ilikuwa imefika magotini. Wageni walikuwa wameshaondoka jana yake, amebaki Ketill peke yake, na ndege yake ilikuwa ya saa sita mchana kutoka Akureyri. Alikunywa kahawa amesimama, hanitazami.

"Nitapita kwa Landrova," alisema. "Nitaiacha kwa Bersi. Ndipo utajua kama ni sanamu."

"Usiende."

"Baba alipita."

"Ketill, nimesema usiende."

"Wewe kazi yako kusema tu." Akachukua ufunguo ukutani.

Ningeweza kumzuia. Sikumzuia kwa sababu nilitaka akwame, na nasema hivi bila kujipamba. Nilisimama dirishani na darubini ya kuhesabia kondoo. Alipita kona ya kwanza. Kwenye kona ya pili gari likaanza kuyumba, likasimama. Palepale. Nikaegemeza darubini kwenye kioo.

Akashuka. Akapiga goti kwenye tairi la mbele, kisha la nyuma, akazunguka upande wa pili. Mwanzo sikuelewa. Nilipoelewa nilipiga kelele peke yangu jikoni. Alikuwa anatoa upepo! Miaka thelathini mjini, mtu wa makochi, na mkono wake bado unakumbuka: theluji ikiwa nyingi, toa upepo mpaka pauni tatu, tairi litandike tumbo lake juu ya theluji, utaelea. Hapa kwetu hata mtoto anajua hivyo. Lakini hiyo ni dawa ya tairi pana. Jembamba halina tumbo la kutandika. Alirudi ndani, akakanyaga mafuta, na tairi la mbele likachomoka kwenye rimu, likabaki limelala kando kama soksi iliyovuliwa.

Nilikwenda na trekta. Kona ya pili si juu sana, ila nusura trekta nalo lizame. Tulifunga mnyororo. Nikamvuta mpaka bandani, ndege yake ikiwa imeshapita juu yetu.

Nyuma ya zizi nina matairi mapana ya zamani, nayatumia kugandamiza plastiki ya majani ya kondoo. Rimu zake pia ninazo, mimi situpi kitu. Niliyabingirisha moja baada ya jingine mpaka mlangoni. Kisha nikachora mstari wa chaki kwenye ile rangi ya kijani inayong'aa, nikachomeka ukutani grenda, ile mashine ya kukatia bati.

"Unafanya nini?" Ketill akauliza.

"Tairi haliingii bila kukata."

"Gunnhildur, tafadhali. Nakuomba. Weka grenda chini." Alisimama mbele ya gari amepanua mikono. "Nilitaka tu iwe kama kwenye picha. Ni picha pekee ambayo wote tunacheka. Baada ya hapo hakuna hata moja, nimezitafuta. Baada ya kulikata hili gari, Baba hakucheka tena. Umewahi kujiuliza?"

Nikaweka grenda chini.

"Kaa kwenye hilo tairi," nikamwambia.

Nikamwambia yote. Kona ya pili, zile saa tisa, koti, theluji kiganjani. Nilisema kwa ukali, kama ninayegomba, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kusema. Alisikiliza akitazama vijitairi. Kisha akatazama madigadi ya kushoto.

"Na mimi nimeliyeyusha," alisema.

"Umeliyeyusha."

"Nimekuletea gari lilelile. Kwa utepe."

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia?" Sasa yeye ndiye aliyepaza sauti, na sauti yake ilipasuka. "Miaka arobaini na miwili! Mnanitazama nacheka kama mpumbavu, wote mnajua! Hata Bersi anajua! Ni ndugu yangu na mimi! Mimi si mtu wa nyumba hii?"

Ningesema Mama alikataza, lakini Mama yuko chini ya ardhi tangu Januari na simu ilikuwapo. Nilikuwa nimekasirika bado, ila kwa mara ya kwanza tangu jana alikuwa na haki zaidi yangu, na hilo lilinikasirisha zaidi.

"Shika hapa," nikasema. "Bati likitikisika nitakata vibaya."

Kisha akainuka, akashika ukingo wa madigadi kwa mikono yote miwili. Alumini haitoi cheche, hutoa kelele tu, na kelele ile ilitufaa. Kipande cha kijani kikaanguka sakafuni. Nikapiga msasa ukingo, nikaenda kabatini, nikarudi na kopo la kahawa.

"Kazi ya nani hii?" akauliza. "Wewe ndiye uliyekata."

"Upande huu hauandikwi jina la aliyekata."

Nikampangia herufi sita juu ya tairi, nikampa nyundo. Akalala chali chini ya gari na suti yake ya safari. Nilimshikia tochi.

Alumini ni laini. Herufi huzama kwa pigo moja, na nilimwambia hivyo. Yeye kila herufi aliipiga mara tatu.