Jiwe la Mwakitolyo

Zipora alikuwa binti wa wakulima wa pamba wa Didia, na mwaka 1985 hapakuwa na mtu kijijini aliyeweza kueleza kazi yake. Alikuwa Ujerumani, kwenye mtambo wa duara ambamo chembe za umeme hukimbizwa kwa kasi kubwa mpaka zitoe mwali wa eksirei, mkali kupita ule wa hospitali yoyote. Mbele ya mwali huo kulikaa kipande cha fuwele, kigumu kama jiwe, cha kuuchuja, na Zipora ndiye aliyekilinda kisiungue. Mwali ulikichoma usoni, yeye akakipoza mgongoni kwa maji. Joto likizidi, akazidisha ubaridi wa maji. Siku chache kabla ya likizo, fuwele ikapasuka katikati. Alipanda ndege kuja nyumbani bila kujua kosa lilikuwa wapi.

Mdogo wake, Makoye, alikuwa akichimba dhahabu Mwakitolyo. Zipora akamfuata huko kumsalimia.

“Shikamoo, dada!” Makoye alitoka mbio, vumbi mpaka kwenye kope. “Umefika wakati mzuri. Njoo uone.”

Wachimbaji walikuwa wamewasha kuni tangu alfajiri juu ya mwamba mweupe uliokataa nyundo. Sasa walikuwa wakiondoa makaa.

“Ukishapata moto hivi, tunaumwagia maji, unakatika wenyewe,” Makoye alisema, akampa ndoo. “Leo mwaga wewe. Mkono wa mgeni una baraka.”

Zipora alicheka, akamwaga.

Mlio ulikuwa kama wa bunduki. Mvuke ulipotawanyika, Makoye alikuwa ameketi chini, kiganja juu ya jicho la kushoto, damu ikimchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

“Dada,” aliuliza, “umeumia?”

Zipora alisimama na ndoo yake tupu mpaka mchimbaji mmoja, Mageni, alipokuja kumbandua vidole kimoja kimoja kwenye kishikio.

Hospitali ya Shinyanga walifikishwa na lori la pamba. Daktari alisema jicho halitapona, litolewe. Zipora aliitikia kwa kichwa, kama anayeambiwa habari za mtu asiyemjua. Akaenda kuketi kwenye benchi nje.

Hapo ndipo wazo lilipomjia, bila kuitwa. Jiwe halikupasuliwa na moto, wala na maji. Lilipasuliwa na tofauti: upande mmoja ulitaka kutanuka, mwingine kusinyaa, na pande zote mbili zilikuwa mwili mmoja. Na yeye, kila alipozidisha ubaridi mgongoni mwa fuwele, alikuwa akizidisha tofauti hiyo. Maji hayakuhitaji kuwa baridi zaidi. Yalihitaji kupita karibu zaidi na uso unaoungua.

Akashtuka. Ndani, mdogo wake alikuwa anatolewa jicho, na yeye alikuwa anapiga hesabu za fuwele!

Mama yao alifika jioni. “Nani aliyemwaga maji?”

“Mimi, mama.”

Mama akafungua kitenge chake cha juu akamfunika Zipora mabegani, maana alikuwa akitetemeka kwenye joto lile.

“Ningemwaga mimi, ningeinama karibu zaidi yako,” Makoye alimwambia siku iliyofuata, kichwa kikiwa kimefungwa bandeji. “Jiwe lingenipata usoni kote. Usilie.”

Zipora hakujua kama alisema kweli au alimhurumia tu.

Aliporudi Ujerumani, alichonga mifereji myembamba ndani ya fuwele mpya, chini kidogo tu ya uso wake, akapitisha humo maji ya kawaida. Mwali ulipofunguliwa, fuwele ilitulia. Wenzake walipiga makofi. Mmoja wao akaangusha spana sakafuni, na Zipora akajikuta amechuchumaa, mikono usoni, akiita jina la mdogo wake kwa sauti.

Makoye hakurudi tena shimoni. Alioa, akalima pamba Didia, na watoto wake walipouliza juu ya jicho lake, aliwaambia ni jiwe, akaishia hapo.