Mtani wa Egide

Hakuna kitu kinachochosha hapa duniani kama kufagiliwa uwanja na mtu mwenye huzuni. Tangu wafike Kalinzi, kule milimani Kigoma, Mama Egide alikuwa akiamshwa na ufagio huo kila alfajiri, na asubuhi hiyo ya Kwaresima aliona kwamba akiusikia tena atauchoma moto, ufagio pamoja na mfagiaji wake. Akajifunga kitenge, akatoka nje. Ndoo za maji zilikuwa zimejaa, kuni zimepasuliwa na kupangwa, na Bucumi ameinama palepale pa jana, kijana mrefu aliyekonda mpaka suruali inamzunguka, anafagia mahali ambapo hata jani moja halikuwapo.

Akamwambia aache. Bucumi akaitikia ndiyo mama, akaendelea kufagia.

Mwanawe wa kumzaa, Egide, Mungu amrehemu, hakuwahi kushika ufagio. Alikuwa kijana mwema, lakini kazi za nyumbani alizikimbia, ugali alikula wa watu wawili, na kicheko chake kilisikika hadi shamba la jirani. Aliyekuwa akimchekesha ni huyuhuyu Bucumi. Walikua pamoja kule Burundi, mlango kwa mlango, na Bucumi wa siku zile alikuwa na mdomo, wacha wee! Padre alimwomba awe anakaa viti vya nyuma ili watu wa mbele wapate kusali.

Kisha vita vikaja. Siku ya kukimbia, pale ufukweni Nyanza-Lac, boti ya mwisho ya siku ile ilikuwa imejaa, na Mama Egide na mwanawe walikuwa wameshapata nafasi. Bucumi alikuwa amelala mchangani, risasi imempitia pajani, homa imempanda hata hajitambui. Mwenye boti akasema haingii mtu tena, hata kuku. Basi Egide akashuka, akambeba rafiki yake, akamweka pale alipokuwa ameketi yeye. Akamwambia mwenye boti kwamba yeye atakuja na ya kesho. Boti ya kesho haikuwapo. Askari walifika kwanza, na habari za kifo chake zililetwa Kigoma na watu waliomzika.

Bucumi alizinduka juu ya mkeka, ng'ambo, yu hai kwa nafasi ya mtu mwingine. Toka siku hiyo hakucheka. Alifunga kila Ijumaa, pombe hakuonja, hadithi hakusimulia. Ukimuuliza anakujibu kwamba mwenzake alikufa kwa ajili yake, sasa yeye atachekaje? Akaamua kuwa mtumishi wa mama wa marehemu mpaka mwisho wa uhai wake, bila kumuuliza huyo mama kama anataka mtumishi. Watu wa Kalinzi walimwona mtakatifu. Mama Egide alimwona mwiba.

Lakini tuseme kweli yote. Kulikuwa na jambo ambalo Mama Egide alilijua na Bucumi hakulijua, nalo ni maneno ya mwisho ya Egide. Wakati anashuka kwenye boti, maji yakimfika magotini, Egide alisema kitu, akacheka, akaenda zake. Wengine waliokuwamo na kumsikia walikwisha kutawanyika katika makambi, huyu huku, yule kule. Aliyebaki na maneno hayo ni mama peke yake, na hakumwambia mtu. Yalimuuma. Mwana anaagana na mama yake mara ya mwisho, halafu neno la mwisho analitoa juu ya rafiki! Hata hivyo ndilo lililokuwa limebaki. Picha hakuwa nayo, kaburi liko kule, hata shati la mtoto hakulipata. Basi akalificha neno lile moyoni, akawa analitoa na kulitazama akiwa peke yake shambani.

Sasa, kulikuwa na Frida. Frida alikuwa binti wa Anatoli na Rozalia, wakulima wa kahawa waliowapokea. Bibi yake Anatoli, mama wa baba yake, alizaliwa Burundi, na ndiyo maana aliwapa wageni wake kibanda na kipande cha shamba bila kuuliza mengi. Frida alimpenda Bucumi, wala hakuwa mtu wa kuficha. Alimpelekea ndizi, alimpelekea maharage, alimtania njiani kisimani, akawa anaambulia asante dada, ya mtu anayepelekwa kunyongwa. Na Bucumi naye alimpenda. Ukimtaja Frida tu, jembe lilikuwa linamponyoka.

Tatizo ni msiba. Kwao Mama Egide, msiba unapofika mwisho wake watu hukusanyika kwenye chungu kimoja cha pombe, hunywa kwa mirija, na maisha hufunguliwa tena. Huko ndiko wanakokuita kuganduka. Kabla ya hapo, nyumbani humo hakuna kuoa wala kuoza. Na mfiwa mmoja akikataa mrija, msiba unabaki juu ya vichwa vya wote. Mwaka uliopita Mama Egide alipika pombe ya ndizi, akaita watu, Bucumi akakataa, na ile pombe ikanywewa na majirani kama pombe nyingine yoyote. Walisifu sana. Mama Egide hakumsemesha mtu siku mbili.

Mwaka huu mambo yalikuwa yamebana. Leonardi, fundi cherehani wa Buzebazeba kule mjini Kigoma, mwanamume wa shati lililonyooshwa kila siku ya Mungu, alikuwa ametuma wazee kumposa Frida. Anatoli aliwaambia warudi Jumanne baada ya Pasaka wapate jibu. Frida alimweleza Mama Egide waziwazi, wakiwa wanachambua maharage: Bucumi akifungua mdomo wake, yeye atamngoja hata miaka. Asipoufungua, hayuko tayari kuolewa na kaburi. Atakwenda zake Buzebazeba akashonewe magauni. Alisema hivyo kwa ukali, halafu akainama kutafuta kokoto kwenye maharage, na haikuwa kokoto aliyokuwa akiifuta machoni.

Katikati ya Kwaresima mjomba wake Rozalia alifariki, na Mama Egide akaenda kuzika. Huko aliona maajabu. Watu wako kaburini, wanalia kwa haki kabisa, mara akatokea mzee mnene kutoka Ujiji, Hamdani, mtani wa ukoo ule, akajilaza kifudifudi kando ya shimo. Akasema haondoki mpaka apewe jogoo, kwa kuwa marehemu alikuwa bahili, na asipolipwa leo hii basi huko aendako atawanyima malaika hata chumvi. Wafiwa wakaangua kicheko, machozi yangali yanawatiririka. Mama Egide alishika kichwa. Mana yanje, Mungu wangu, kwao mtu angepigwa! Akamnong'oneza Rozalia, huyu ana wazimu? Rozalia akamjibu kwamba huku msiba usio na mtani haukamiliki, maana mfiwa hajui njia ya kutoka, na mtani ndiye anayemfungulia mlango. Mama Egide aliyafikiria maneno hayo njia nzima ya kurudi nyumbani.

Ikaja Ijumaa Kuu. Gervasi, katekista wao, mtu mwema mwenye sauti ya kupasua debe, aliwaeleza mateso ya Bwana hatua kwa hatua. Mwishoni akanyoosha kidole na kuuliza, huyu amekufa kwa ajili yako, nawe umemlipa nini? Bucumi, aliyekuwa amepiga magoti kwenye sakafu tangu mwanzo, alilia mpaka mabega yakatikisika. Frida alimtazama kutoka upande wa wanawake, kisha akageuza uso.

Mama Egide alimvizia Gervasi nje, akamshika mkono wa kanzu.

"Mwalimu," akamwambia, "Bwana alipofufuka, wale rafiki zake waliomkimbia aliwakuta wapi?"

"Ziwani, mama."

"Aliwauliza wamelia kiasi gani?"

Gervasi akafikiri. "Hapana. Alikuwa amewachomea samaki. Akawaita waje wale."

"Hayo mbona hukuyasema?"

"Leo ni Ijumaa, mama. Samaki ni baadaye."

"Kwako wewe ni baadaye. Nyumbani kwangu kuna mtu amekwama Ijumaa, huu mwaka wa tatu."

Gervasi akajikuna kichwa, akakiri kwamba hapo ameshikwa. Akaahidi kuja kwenye kuganduka Jumatatu, na kwamba safari hii hatahubiri.

Mama Egide alishuka na kijia kati ya mibuni, akijisifu kidogo kwa namna alivyombana katekista. Njiani sifa zikamwishia. Samaki aliowachoma Bwana aliwagawa, hakuwaficha chini ya kanzu. Na yeye je? Anamlaumu mtoto wa watu kwa kung'ang'ania kifo cha Egide, na mwenyewe amekalia neno la Egide mwaka wa tatu, hataki hata kuonjesha. Akasimama pale mibunini, akalia, akajifuta na kitenge. Alijua la kufanya, na hakulipenda hata kidogo.

Jumatatu ya Pasaka uwanja ulijaa watu. Chungu kiliwekwa katikati, mirija imesimama ndani. Anatoli alivaa koti lake la harusi, Rozalia alileta mkungu wa ndizi za kuchoma, Gervasi aliketi na kutunza ahadi yake kwa taabu. Frida alikuwa mlangoni pa jiko, mikono kifuani. Kesho yake wazee wa Leonardi wangepanda mlima.

Mama Egide akachagua mrija, akampa Bucumi mbele ya wote. Bucumi hakuupokea.

"Nisamehe, mama. Nikinywa itakuwa nimemsahau. Atakuwa amekufa bure."

"Anakufa bure sasa hivi," Mama Egide akasema, "hapa, mbele ya macho yangu, na wewe ndiye unayemuua."

Akaurudisha mrija chunguni, akaendelea.

"Wewe hukusikia, ulikuwa na homa. Mimi nilimshika mkono. Nilimwambia mwanangu usishuke. Akaniambia, mama, niachie, huyu akifa mimi nitachekeshwa na nani? Akacheka, Bucumi. Alishuka akicheka. Hakuniambia mimi neno lolote lingine. Neno lake la mwisho ni lako, na mimi nikakunyima, kwa sababu nilitaka nibaki na kitu. Basi lichukue. Hakufa ili nifagiliwe uwanja. Alikuwa anauokoa mdomo wako huo, na tangu tufike huku sijausikia."

Alipomaliza alijiona mtupu, mikono haina kitu, na akaona pia kwamba amechoka kuubeba mzigo ule na ameutua. Bucumi alifunika uso. Alilia, ila si kile kilio chake cha kanisani cha mabega. Alilia kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni akamwona mama yake. Hakuna aliyemnyamazisha. Alipokwisha, akajifuta kwa kiganja, akaushika mrija, akavuta pombe. Alivuta ndefu. Uso ukamkunjamana.

Akakitazama chungu. Akamtazama Mama Egide.

"Mama, pombe hii umepika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na Egide aliwahi kuionja pombe yako?"

"Tangu alipoanza kunywa. Kwa nini?"

"Basi sasa naelewa," Bucumi akasema polepole, "kwa nini alishuka kwenye boti."

Rozalia aliziba mdomo. Gervasi alifanya ishara ya msalaba. Anatoli alikodolea macho vidole vyake vya miguu. Na Bucumi mwenyewe alikuwa ameganda, mrija mkononi, uso wa mtu aliyerusha jiwe na sasa anasikiliza litaangukia wapi.

Mama Egide akasikia kitu kinamtoka chini kabisa tumboni. Alidhani ni kilio, akajiandaa kulia. Kikatoka kicheko, kikubwa, cha kupanda na kushuka, cha kusikika hadi shamba la jirani, na hapo ndipo watu wa Kalinzi walipojua Egide alikitoa wapi kicheko chake. Alicheka mpaka akakaa chini. Bucumi alipokisikia alishtuka kama aliyeitwa jina, kisha naye akaanza, na uwanja mzima ukafuata. Hata Gervasi alicheka, akajaribu kukigeuza kicheko kiwe kikohozi, kikamshinda.

Anatoli akasema mtani akishafanya kazi yake hulipwa, na sheria ni sheria. Kabla hajamaliza, Frida alikuwa ameshamkamata jogoo nyuma ya jiko. Akaja naye, akampa Bucumi, manyoya yakiruka, akamwambia kwamba baba yake kesho ana wageni wa kujibu na yeye anataka kusikia jibu leo. Bucumi, jogoo kwapani, alimgeukia Anatoli, akasema Shikamoo mzee, ingawa walikuwa wamesalimiana tangu asubuhi. Watu wakacheka upya.

Mama Egide akavuta mrija wake, akanywa. Ilikuwa chachu kweli, kijana hakumsingizia. Akavuta tena.

Jumanne wazee wa Leonardi walipanda mlima na kupewa jibu lao kwa heshima, pamoja na pombe iliyobaki, ambayo waliinywa kidogo tu. Walimkuta Mama Egide ndiyo kwanza anaamka, jua limeshapanda. Alisimama mlangoni akauangalia uwanja. Ulikuwa umejaa majani, maganda ya ndizi na manyoya ya jogoo, na katikati ya uchafu huo Bucumi ameketi, anamweleza Frida uongo mtupu juu ya Egide. Mama Egide akavuta kigoda, akasogea ili naye asikie.