Divai Iliyoonjwa Mapema

Mjuzi, ndivyo ukoo mzima ulivyomwita, aliishika glasi kwa kikonyo, akaizungusha, akatumbukiza pua, akafumba macho. Mwenye mikahawa, aliyekuja kuamua kama atainunua divai nyekundu yote ya msimu ule, alimkodolea macho kama anayesubiri kusomewa hukumu.

"Kali," Mjuzi alitamka. "Inakwaruza ulimi. Bado sana."

Mwenye mikahawa akaitua glasi yake kabla haijafika mdomoni, akacheka kidogo, akaaga. Dada yake Mjuzi, mwenye shamba na mwenye divai, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, jagi mikononi. Tangu mumewe afariki hakuwa na tegemeo jingine ila mizabibu ile. Lakini mdogo wake ndiye aliyeajiriwa na hoteli kubwa kuonja divai kila siku. Angembishiaje mbele ya mgeni?

Mjuzi alimfuata jikoni, kichwa bado kimemvimba, akauliza kilichomo ndani ya jagi. Ni ileile, dada alimjibu. Aliimimina tangu asubuhi ipate hewa, kama alivyomfundisha mwenyewe. Ndiyo alikuwa anaileta mezani, akamkuta mdogo wake ameshazibua chupa nyingine.

Mjuzi akaonja. Lo! Ule ukali haukuwapo. Ilikuwa laini, imetulia, na ladha yake haikuwa na haraka ya kuondoka kinywani. Na yeye ndiye anayewakaripia wahudumu hotelini kutwa kucha: divai changa haihukumiwi papo hapo, iacheni ipumue! Leo, kwa uchu wa kuonekana bingwa mbele ya tajiri, amelisahau hilohilo. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Akatoka uani, akampigia mwenye mikahawa. Maneno alikuwa nayo tayari: nimekosea, rudi uonje tena. Yule bwana akamwahi, akamshukuru kwa kusema kweli bila kumwonea haya hata dada yake. Watu wa namna hiyo, alisema, ni adimu siku hizi. Mjuzi akayameza maneno yake.

"Karibu sana," akasema, akakata simu. Alijichukia.

Aliporudi ndani, dada alikuwa ameshaliinamisha jagi juu ya sinki.

"Mimi asubuhi niliionja nikaiona nzuri," alisema bila kinyongo. "Kumbe sijui kitu. Afadhali niing'oe tu hiyo mizabibu."

Mjuzi akamdaka mkono. "Ni nzuri, dada. Mimi ndiye niliyekosea. Sikuiacha ipumue."

Dada akaliweka jagi chini taratibu. Akamuuliza alikuwa akiongea na nani huko nje. Mjuzi akamweleza yote, hata ile "karibu sana," macho yake sakafuni.

"Mpigie tena," dada alisema. "Hapahapa, nisikie."

Akapiga. Simu haikuita hata mara mbili. Yule bwana akapokea kwa bashasha, akamwita "mtaalamu wangu." Mjuzi akamtazama dada, akasema, "Nimekosea, bwana. Rudi uonje tena."