Binti Aliyekuja Kabla ya Mimba

Mwanaheri alikuwa uani akipeta mchele, alasiri, mtoto wake wa saba alipobisha hodi. Alikuwa hajamzaa, wala mimba yake hajaishika. Binti alikuwa na kimo cha mtoto wa darasa la pili na paji la uso la Gharibu, mumewe Mwanaheri.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye ninayefuata."

"Marahaba. Nawa mikono, kuna wali chunguni."

Tangu hapo akawa anakuja kila alasiri. Alichota maji, akawaogesha kaka zake. Majirani wa kisiwa kile cha delta walimjulia hali. Gharibu, akirudi kutoka kukata mikoko, alimletea kaa.

Lakini uzazi wa sita ulikuwa umemtoa Mwanaheri damu ndani ya boti, njia nzima ya hospitali, na daktari alimkataza kubeba mimba tena. Binti alilijua hilo.

"Mama, mimi sina haraka," alisema. "Twende zahanati."

Nesi Muzdalifa aliwatazama wote wawili, akafungua kabati tupu.

"Sindano za uzazi wa mpango hazijaletwa tangu masika. Vijiti vya kuweka mkononi vipo mjini Kibiti, ila mtaalamu wa kuviweka yuko semina. Rudini mwezi ujao."

Walirudi. Wakarudi tena. Kondomu Gharibu alizikataa. Alisema hizo ni za wahuni.

Ukaitishwa mkutano. Bwana Abdulazizi, afisa kutoka wilayani, aliwahimiza wapange uzazi. Kisha akaeleza kwamba kisiwa kitapata kituo cha afya watu wakiongezeka. Gharibu alipiga makofi. Mwanaheri alisimama, amemshika binti mkono.

"Na huyu, bwana?"

"Huyu bado, mama," afisa alijibu kwa upole. "Asiyezaliwa hahesabiwi."

Jioni moja binti alichelewa kuondoka.

"Kesho sitakuja, mama. Nisamehe."

"Kosa si lako, mwanangu. Kaa hapa."

Mwanaheri alimsuka nywele, taratibu, kama mtu asiyetaka kumaliza. Wiki chache baadaye akaanza kutapika.

Uchungu ulimshika maji yamekupwa, boti imekwama topeni. Muzdalifa alikandamiza tumbo kwa mikono yake, maana dawa ya kuzuia damu nayo ilikuwa haijaletwa. Mwanaheri alifariki kabla maji hayajajaa. Mtoto alikuwa amezaliwa mzima, nywele zake zimesukwa. Hakulia, alimtazama mama yake mpaka walipomfunika.

Bwana Abdulazizi alifika msibani, akapewa kahawa. Gharibu alimuuliza kama sasa kituo kitajengwa.

"Ameingia mmoja, ametoka mmoja," afisa alisema. "Idadi bado. Mwendelee kujitahidi."

Gharibu alikuwa amempakata mtoto, akimfumua nywele polepole ili asimwamshe. Zilikuwa zimembana mno.