Majirani Wasionunua

Nyumba ya Mwalimu Sekela ilikuwa ya kwanza kuuzwa katika mradi ule, na ikawa pia ya mwisho. Kampuni ilijenga safu mbili za nyumba zilizoezekwa kwa bati la kisasa la msauzi nje kidogo ya Iringa, kwenye barabara iendayo Idodi, ikitegemea kwamba wafanyakazi wa serikali na watu wa hoteli za mbugani wangezigombania. Hawakuja. Bei iliwashinda, wengine wakasema ni mbali na mji, na nyumba zikabaki zimefungwa, majani yakiota mpaka kwenye vibaraza.

Mwanzoni Sekela hakuujali ukimya huo. Miaka yote ya ndoa yake alikuwa akifundisha shule ya msingi Uyole, kule Mbeya, na mumewe Jailos Kalinga alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha karatasi Mgololo. Walionana likizo. Watoto wakakua na mama yao, wakaondoka. Wote wawili walipostaafu, Jailos alitaka kuishi karibu na kwao, na Sekela akakubali kuiacha Mbeya, dada zake na kwaya yake ya Moravian, kwa sababu moja tu: safari hii angekaa na mume wake. Alinunua makochi akayavalisha vitambaa alivyodarizi kwa mkono wake. Kibarazani akaweka viti viwili.

Lakini Jailos alikuwa mtu wa maneno machache. Alikunywa chai, akasikiliza redio, akalala. Sekela aliuliza hili na lile, akajibiwa "ndiyo" na "sawa tu". Alijiambia kuwa ndivyo mumewe alivyoumbwa, na mtu huwezi kumlaumu kwa alivyoumbwa.

Wavamizi walikuja mvua zilipoanza. Asubuhi moja Sekela alifungua pazia akaona moshi nyuma ya nyumba ya ng'ambo ya barabara. Kamba ya nguo ilikuwa imefungwa kwenye nguzo za kibaraza, vitenge vimeanikwa, na mwanamke mmoja, bado kijana, mtoto mgongoni, alikuwa anafagia mlangoni kama mtu aliyezaliwa pale.

"Jailos, kuna watu wamevunja nyumba ya mbele," alisema. "Nenda ukawaulize."

Jailos akavaa koti, akavuka. Sekela akabaki dirishani akingoja zogo. Alichosikia ni salamu, "Kamwene", kisha Kihehe kirefu ambacho yeye, Mnyakyusa, alikishika nusu nusu, kisha kicheko. Kilikuwa kicheko kizito, cha tumboni, na ilimchukua muda kutambua kuwa ni cha mumewe. Ndani ya nyumba yao hakuwahi kukisikia.

Jailos alirudi mchana, suruali ina matope magotini.

"Ni watu wa Idodi," alisema. "Huyo anaitwa Eveline. Mume wake, Rabson, anapakia mbao Mafinga, anakuja mwisho wa wiki. Wametolewa kwenye chumba mjini. Wameingiza vitu zao jana jioni."

"Vitu vyao," Sekela alimsahihisha.

Jailos akapangusa matope magotini. "Kitasa cha nyuma kilikuwa kimekufa. Nimewawekea kingine."

"Kwenye nyumba ya watu?"

"Mvua ilikuwa inaingia," alijibu, akawasha redio.

Baada ya Eveline wakaja wengine, hasa watu waliotoka Igowole kutafuta vibarua mjini, na safu ya ng'ambo yote ikapata uhai. Hawakupika ndani wasije wakatia masizi kuta. Walijenga majiko ya matofali uani. Walipanda maboga na maharage mpaka ukingoni mwa barabara. Jumamosi asubuhi walikutana kusali jumuiya, na nyimbo zao zikaingia sebuleni kwa Sekela bila hodi. Eveline alikuwa na cherehani ya miguu ambayo aliiweka kibarazani, na wanawake wakawa wanakuja na vitenge vyao, wanakaa, wanapiga soga, wanakula magimbi.

Sekela aliyaona yote hayo kutoka kwenye kiti chake. Alifika mahali akajua Eveline anafua lini, anamsuka nani, anapika nini. Akimkuta yule mwanamke amejiegemeza ukutani akicheka, aliinuka akaingia ndani. Alijiambia kuwa kinachomuuma ni haki. Marumaru yale yale, bati lile lile, yeye ametoa jasho la maisha yake na wao wametoa nondo ya kuvunjia mlango. Ndivyo alivyowaambia dada zake kwenye simu, nao wakakubaliana naye. Hakuwaambia kuwa kiti cha pili cha kibarazani sasa hakikaliwi na mtu, kwa kuwa mwenye kiti alikuwa ng'ambo anapukuchua mahindi ya wenzake.

Siku moja Eveline alikuja na fungu la majani ya maboga.

"Shikamoo Mwalimu. Nimeona nikuletee mboga."

"Marahaba. Asante."

Eveline hakuondoka. Alisimama akitabasamu. "Jana Baba alituvunja mbavu, jamani. Ile habari ya Mgololo, alivyolala juu ya marobota ya karatasi akiwa amechoka, lori likaondoka naye, akaja kuamka Makambako. Ameshika viatu mkononi anauliza watu hapa ni wapi." Alicheka peke yake. "Na mkubwa wake wa kazi alivyomtafuta mpaka hospitali. Wewe si ulicheka sana aliporudi?"

"Nilicheka," alisema Sekela.

Hakuwahi kuisikia habari hiyo. Alifunga mlango akaketi kwenye kochi na majani ya maboga mapajani, yanamlowanisha nguo. Angalau kama Jailos angekuwa anamtamani yule mwanamke, angejua la kufanya; angelia, angeita wazee. Lakini alimsikia Eveline anavyomwita Baba, na alimwona Rabson na Jailos wakinywa ulanzi, pombe ya mianzi, wamekaa bega kwa bega. Hapakuwa na jambo la aibu. Walichochukua kilikuwa kile hasa alichokifuata yeye kutoka Mbeya.

Wiki hiyo hiyo bomba la jikoni likaanza kutoa maji membamba. Sekela akazunguka nyuma, akakuta mpira wa maji umeungwa kwenye bomba la nje, umepitishwa ndani ya kalavati chini ya barabara, umetokeza kwenye pipa la Eveline. Umeungwa vizuri, kwa mikono ya fundi. Alisimama pale akiutazama. Kisha akaingia ndani akampigia simu Sosthenes, kijana wa kampuni aliyewauzia nyumba.

"Nyumba zenu zimevamiwa," alimwambia. "Njoo uone mwenyewe."

Sosthenes alikuja na mwenyekiti wa mtaa na mgambo. Wakapiga alama za X za rangi nyekundu kwenye milango yote ya ng'ambo, wakawapa watu mpaka mwisho wa mwezi. Jailos alisimama kibarazani, mikono nyuma, akitazama. Sekela hakumwambia ni nani aliyepiga simu.

Kesho yake Eveline alibisha hodi. Macho yalikuwa yamevimba.

"Mwalimu, tunatafuta chumba Ipogolo, lakini bado hatujapata. Tutajibana kwa shemeji kwanza, na kule hakuna nafasi. Nilikuwa naomba cherehani yangu ikae kwako. Sisi hatuna mtu mwingine hapa mwenye nyumba yake."

Sekela angeweza kukataa. Alitamani kukataa, na pia alitamani kumwambia ukweli ili jambo liishe. Badala yake alisikia sauti yake ikisema, "Ilete." Cherehani ikawekwa kati ya makochi, imefunikwa kwa kitenge.

Siku ya kuhama watu walitoka kwa utaratibu, magodoro vichwani, kuku kwenye matenga. Jailos alibeba vitu pamoja nao tangu asubuhi. Sosthenes alipomaliza kufunga makufuli mapya, akavuka barabara mpaka kwa Sekela aliyekuwa amesimama getini, akamshika mkono mbele ya wote.

"Mama, kampuni inakushukuru sana. Bila ile simu yako tusingejua mapema."

Jailos aliweka chini ndoo aliyokuwa ameishika. Eveline alimtazama Sekela kwa muda, wala si kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayesoma kibao cha njia kwa mara ya pili.

"Mwalimu," alisema taratibu, "cherehani niichukue, au niiache?"

"Iache," alisema Sekela. "Itakuwa salama."

Eveline akaitikia kwa kichwa, akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akaondoka na wenzake.

Jioni Jailos hakuwasha redio. Sekela alingoja, kisha akashindwa.

"Sema basi. Nimekosa nini? Nyumba si zao."

"Si zao," Jailos alikubali.

"Ulikuwa unashinda kule. Mimi nimeacha ndugu zangu wote nije nikae na wewe, na habari zako nazisikia kwa jirani. Ya Makambako nimeambiwa na Eveline. Kwa nini mimi hukuniambia?"

Jailos aliisogeza redio pembeni.

"Kule nikisema 'viatu zangu', hakuna anayenishika," alisema. "Naendelea na habari yangu mpaka mwisho. Kwako kila siku niko ubaoni. Nikishasahihishwa mara mbili, habari yenyewe inakwisha hamu." Aliinuka. "Sijakuchukia. Nimezoea tu kunyamaza."

Sekela alilala akigeukia ukuta, akiyapitia mazungumzo yao ya tangu wahamie, na kila alipogusa alijikuta ameshika chaki.

Ng'ambo pakarudi kama zamani. Mbuzi wa watu wakayala maharage yakaisha. Sekela alidhani kuwa watu wakishaondoka wivu nao utaondoka, lakini ulibaki. Ulikuwa pale sebuleni, chini ya kitenge, na kila alipofuta vumbi aliizunguka ile cherehani kama mtu anayempisha mgeni.

Eveline alikuja na bajaji kuichukua, mvua zilipokuwa zinaelekea kwisha. Hakuingia ndani. Aliamkia, akauliza afya, akasimama kwenye ngazi wakati Jailos anaitoa. Wakaondoka pamoja, Jailos ameishikilia isianguke. Aliporudi alikuwa na uso mwepesi.

Sekela alimletea chai, akakaa kwenye kile kiti kingine.

"Nisimulie ya Makambako," alisema.

Jailos alimwangalia kama anayepima kina cha maji. Kisha akasimulia. Alilala, lori likaondoka, akaamka, akarudi. Hakutaja viatu, wala mkubwa wake wa kazi, wala hospitali. Sekela alijua mahali ilipokatwa, na akajua kuwa ile ndefu iko Ipogolo, kwa Eveline.

"Jumamosi nakwenda kwao," Jailos alisema alipomaliza chai. "Rabson anaezeka kibanda cha kushonea."

"Na mimi nitakuja."

Jailos alizungusha kikombe mkononi. "Hiyo usiniombe mimi. Muulize Eveline."

Katika watu wote duniani, Eveline ndiye Sekela aliyeona uzito zaidi kumwomba kitu. Alikaa na jambo hilo mpaka kivuli cha mlima kikafika getini. Kisha akaingia ndani, akarudi na simu yake.

"Nipe namba yake."

Jailos aliitaja yote kwa kichwa, bila kugusa simu yake wala kusita, na hilo nalo likamchoma. Sekela alibonyeza namba moja moja, akaweka simu sikioni, akangoja ipokelewe.