Sweta ya Jumwa

Mvua za Elinino zilipovunja kingo za mto Tana, Kanze na mumewe Charo walitoka Minjila na vile vitu walivyoweza kujitwika, wakapiga kibanda cha turubai kwenye mwinuko kando ya barabara ya Garsen. Walikwenda na binti yao wa pekee, Jumwa, aliyekuwa darasa la tatu. Kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, Jumwa alishikwa na homa. Barabara ilikuwa imekatika pande zote, na ndege ya msaada ilipoleta dawa, udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi.

Hawakuweza kumzika nyumbani, kwa kuwa nyumbani kulikuwa chini ya maji. Kila kulipopambazuka Charo alishuka hadi ukingoni mwa maji, akasimama akiyatazama, kisha akarudi.

Kanze alibaki na sweta ya shule ya mtoto, ya rangi ya damu ya mzee. Aliifuma mwenyewe kwa sindano za spoki za baiskeli alizochongewa na fundi wa Garsen, na mikono aliizidisha urefu makusudi, maana mtoto alikuwa akirefuka. Usiku aliikunja akailalia kama mto.

Siku chache baada ya maziko, wafugaji wa Kiorma waliokimbia mafuriko mbugani walikuja kupiga vibanda vyao jirani. Kibanda cha karibu kilikuwa cha kijana aitwaye Jatani, mama yake Abdia, na mkewe Darmi, msichana mwembamba mwenye mimba yake ya kwanza. Walikuja na ng'ombe, lakini ng'ombe walikuwa wakifa. Waliharibu mimba, wakatokwa na damu puani, wakaanguka kwenye tope na kubaki hapo hapo. Jatani alikuwa akiwaburuta mmoja mmoja kuwaweka mbali na watu, na harufu ikawafuata hata hivyo.

Darmi aliwasikia watu wakimwita jirani yake Mama Jumwa, naye akamwita hivyo hivyo. Asubuhi moja walipokuwa wakichota maji pamoja, alimuuliza, "Mama Jumwa, huyo Jumwa mwenyewe iko wapi?"

Kanze alifungua kinywa kusema kweli. Kweli haikutoka.

"Yuko Marafa," alisema. "Kwa nyanya yake."

"Anasoma?"

"Anasoma."

"Vizuri," Darmi alisema. "Huku iko baridi kwa mtoto."

Basi likawa hivyo. Kila walipokutana Darmi alimuuliza habari za Jumwa, na Kanze akampa. Jumwa anapenda maembe mabichi na chumvi. Jumwa anaogopa kuku. Watu wengine wote pale mwinukoni walikuwa wakimtazama Kanze kwa jicho la huruma na kushusha sauti akipita. Kwa Darmi peke yake mtoto alikuwa bado anakwenda shule, na Kanze alijikuta akimtafuta Darmi hata bila sababu, ili aulizwe.

Siku moja Darmi aliziona zile sindano za spoki zimechomekwa kwenye kamba ya turubai.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kufumia."

Darmi alizishika, akazipapasa ncha. "Nifundishe. Mtoto yangu atazaliwa kwa mvua, na mimi sina kitu ya kumpa. Maziwa ya ng'ombe hakuna tena. Nataka kitu moja nimetengeneza na mkono yangu."

"Uzi hatuna, mdogo wangu. Maduka yote yamefungwa."

Darmi aliitikia kwa kichwa, akazirudisha sindano mahali pake taratibu, na akaenda zake akishika kiuno. Kanze alikaa mlangoni muda mrefu akiitazama mvua. Kisha aliingia ndani, akachukua ile sweta, akatafuta fundo la mwisho shingoni na kulikata kwa meno.

Charo aliporudi alimkuta uzi umemjaa mapajani.

"Unafanya nini na nguo ya mtoto?"

"Naifumua, Baba Jumwa."

"Kwa nini?"

"Kuna mtoto anakuja, na hana kitu."

Charo aliutazama mkono wa sweta ukipungua, safu kwa safu. Kisha akatoka tena mvuani.

Kanze aliuosha uzi ule kwa maji ya moto na kuuning'iniza na jiwe ili ukunyanzi uutoke. Kesho yake akaanza kumfundisha Darmi, bila kumwambia uzi umetoka wapi. Hakumpa kazi ngumu. Kofia ya mtoto mchanga ni kipande tu cha mraba, mshono mmoja wa kawaida kwenda na kurudi. Kikitosha unakikunja, unashona ubavu, unakusanya juu kwa uzi. Lakini Darmi alikuwa akiukaba uzi kama anayefunga kamba ya ndama, sindano hazipiti.

"Legeza mkono," Kanze alimwambia. "Uzi haukimbii."

"Hii kitanzi moja imeanguka."

"Usiogope. Shuka ukifuate kwa ncha, ukipandishe. Hivyo."

Darmi alifumua mara nyingi. Mama mkwe wake, mzee Abdia, alikuwa akiwatazama kutoka kibandani, akacheka kidogo. Ilikuwa ni mara ya kwanza mtu kucheka tangu ng'ombe waanze kufa. Kofia ilipokamilika ilikuwa imepinda upande, lakini ilikuwa kofia, na Darmi aliivaa kwenye ngumi yake akaizungusha huku na huku. Uzi uliosalia Kanze alimwachia ajifumie soksi.

Mtoto alizaliwa karibu na Idi, wa kiume, mdogo sana. Majirani walikwenda kutoa pongezi. Charo alikwenda kwa kuwa ni desturi, akainama kumtazama mtoto, na akaiona ile rangi. Alisimama pale bila kusogea. Jatani alimuuliza kama anaumwa.

"Hapana," Charo alisema. "Ni hiyo kofia. Ilikuwa sweta ya marehemu binti yetu."

Darmi alimtazama. "Binti gani?"

"Jumwa. Tumemzika pale nyuma."

Jioni ile Darmi alikuja, mtoto mgongoni, kofia mkononi. Kanze alikuwa akipuliza moto. Alimwona uso, akajua.

"Hii ni nguo ya mtoto yako?"

"Ilikuwa."

"Na Marafa?"

Kanze alisukuma ukuni motoni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekuwa kama wengine," Kanze alisema. "Usingeniuliza tena habari zake."

Darmi alikaa chini kwenye mchanga uliolowa. Mtoto alilia kidogo, akamtikisatikisa mgongoni.

"Kwetu, nguo ya mtu amekufa tunatoa sadaka," Darmi alisema hatimaye. "Si mbaya. Lakini mwenye kupewa anamwombea. Mimi nilipewa, sikumwomba. Nilikuwa nauliza kama ameshiba."

Akainua viganja, akaomba kwa sauti ya chini kwa maneno ambayo Kanze hakuyaelewa, ila jina la Jumwa alilisikia ndani yake. Kisha akamvika mtoto kofia, akainuka na kwenda. Kanze alifunika uso kwa kanga. Sasa hapakuwa na mtu yeyote aliyebaki wa kumuuliza Jumwa hajambo.

Maji yalipopungua, Jatani alihesabu ng'ombe waliosalia kwa kuwaangalia tu, akaamua kuipeleka familia kwa ndugu zao upande wa Bangale. Darmi alikuja kuaga. Walishikana mikono, na lori la mifugo lililowabeba likaondoka, kofia ile ya mtoto ikionekana juu ya bega la mama yake mpaka kona.

Kanze na Charo walirudi Minjila. Nyumba ilikuwa imesimama, lakini tope lilikuwa limefika dirishani, na mahindi yote yameoza. Walianza kuchimba sakafuni. Katikati ya kazi Charo aliegemea jembe.

"Mama Jumwa," alisema. "Ile sweta. Hukubakisha hata kipande?"

"Sikubakisha."

"Hata uzi kidogo?"

"Nilimwachia Darmi wote, Baba Jumwa."

Charo aliitikia kwa kichwa. Hakumlaumu. Alipangusa macho kwa mkono wenye tope, likambakia usoni, kisha akainama tena. Kanze alimwangalia kidogo, akachukua karai na kuanza kulizoa tope lile kulipeleka nje.