Mtaa Uliombeba Mzee Alcide

Kitu cha kwanza nilichokiona Tolliver ni viti. Katika nyumba za wazee weusi viti vilikuwa barazani na vilitazama barabara. Katika nyumba za waliokuja baadaye viti vilikuwa uani, nyuma, na vilitazamana. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimeacha shule darasa la nne, nimetoka milimani Guatemala na mjomba wangu Palas. Kwa kuwa kuongea na watu kunanishinda, hutazama vitu vyao. Kwa viti tu niliweza kupita mtaa mzima nikajua nani anakaa wapi. Siku zile viti vya barazani vilikuwa vingi. Mwaka aliokufa Mzee Alcide, katika barabara yetu vilikuwa vimebaki kwenye nyumba mbili, yake na ya Mzee Lavelle.

Tolliver si mji, ingawa nyumba zimebanana na ndege zinazotua Los Angeles hupita juu ya mapaa yetu mchana kutwa. Magharibi kuna mji, mashariki kuna mji mwingine, na sisi tuko katikati kama kipande cha kitambaa kilichobaki baada ya kukatwa suti mbili. Meya hatuna. Taa ya barabarani ikizimika unapiga simu kaunti, kaunti inakwambia subiri, unasubiri, halafu Mzee Alcide Guillory anatoa ngazi yake. Hivyo ndivyo tulivyoishi. Yeye na mkewe, Bibi Odile, walikaa nyumba ya mbele. Mimi na mjomba tulipanga nyumba ndogo ya uani kwao, iliyokuwa gereji, na humo ndani mna vitanda viwili, vyerehani viwili na marimba ya mjomba, ile ala ndefu ya vibao inayopigwa na watu watatu.

Mzee alifariki Februari, asubuhi, akifunga kamba za viatu.

Bibi Odile hakulia mbele yetu. Alikaa barazani, kofia nyeusi mapajani. Binti yake, Renelle, aliyetoka kwake huko jangwani, alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Mimi nilikuwa nafagia majani karibu yao.

"Mama, watu wa mazishi wana kigari cha magurudumu," Renelle alisema. "Kinasukumwa taratibu tu, wala hutaona."

"Baba yako si friji."

"Sasa nani atambeba? Kina Fontenot wamehama. Kina Hargrove wamehama. Mzee Lavelle goti bovu. Nusu ya kanisa sasa wanakaa kule kwetu, na hao waliobaki ni akina mama. Mama, hapa hamna mtu."

"Mtaa huu hubeba watu wake."

"Mtaa upi?"

Bibi aligeuza kofia mapajani.

"Haya," akasema. "Akisukumwa kwa magurudumu, nitajua mtaa umekwisha. Nitafunga sanduku twende kwako. Nyumba uiuze."

Renelle alikuwa akimwomba hivyo kwa miaka. Hata hivyo hakufurahi. Alimwekea mama yake mkono begani tu.

Watu wangeweza kudhani niliogopa kukosa chumba. Vyumba vipo. Lakini Bibi Odile ndiye aliyenifundisha kuvuka barabara kubwa, na kusema bei, na kutojibu mlango bila kuchungulia. Na ile habari ya kubeba nilikuwa nimeisikia kwa mzee mwenyewe. Walipofika hapa kutoka Luiziana, gari la wagonjwa la mji wa jirani lilikuwa halivuki reli. Ukipiga simu unaulizwa uko mji gani. Ukisema Tolliver, simu inakatwa. Basi wanaume wa mtaa wakawa wanabeba wagonjwa wao mpaka ng'ambo ya reli, na maiti wao mpaka kanisani. Baadaye magari yalianza kuja, lakini kubeba kulibaki. Mtu wa Tolliver hatolewi kanisani na mgeni. Mzee Alcide aliwabeba karibu wote waliotangulia, na sasa alikuwa amelala kwa watu wa mazishi akimngoja wa kumshika.

Nilimkuta mjomba kwenye cherehani, anashona mifuko ya suruali.

"Mjomba."

"Mm."

"Mzee hana watu wa kumbeba."

Cherehani kikanyamaza. "Hana watoto wa kiume?"

"Hana."

"Kanisa lake?"

"Wamehama."

Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Katal, sisi maiti zetu tunachanga tunazirudisha nyumbani. Hapa hatujawahi kuzika mtu. Hatujui wenzetu wanafanyaje."

"Wanabeba."

"Ah, kubeba." Akacheka kidogo. "Kubeba tunajua. Baba yangu nilimbeba mlimani siku nzima, mvua inatunyeshea sote, yeye peke yake hakulalamika." Akafikiri. "Xun na Lwin watakuja, nitawaambia." Hao ni wenzake wa marimba, wanakaa barabara ya pili. "Tuko watatu. Nani mwingine?"

"Cuco."

"Cuco wa jogoo? Yule aliyekuwa akigombana na mzee?"

"Huyo."

"Nenda kamwambie."

"Mimi siwezi, mjomba."

"Kwangu umewezaje?" Akarudi kwenye mifuko yake.

Cuco ni Mmeksiko, anaziba pancha kwenye uwanja wa nyumba yake, upande wa pili wa barabara. Nilisimama nje ya geti nikitumaini mbwa atabweka ili nisilazimike kuita. Mbwa alikuwa amelala. Mwishowe Cuco mwenyewe aliinua kichwa.

"We binti wa uani, unataka mayai?"

"Mzee Alcide," nikasema.

"Nimesikia. Mungu ampumzishe. Aliniambia jogoo wangu atamtangulia yeye kufa. Haya, mtazame yule pale." Jogoo alikuwa juu ya gari bovu, anajichokoa manyoya.

"Wanatafuta wa kumbeba."

Cuco alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Bibi ndiye kakutuma?"

"Hapana."

"Nani basi?"

Nilitazama tairi. "Mimi."

"Yaani mimi nivae suti kwa ajili ya mtu aliyeniita mwizi wa usingizi, kwa Kiingereza na kwa Kihispania, ili nisije nikakosa kuelewa?"

Nikageuka niondoke.

"We, ngoja. Nimekataa?" akasema. "Ni saa ngapi? Na shemeji yangu nitamleta. Kichwani hamna kitu, lakini mabega anayo."

Wa sita alijileta mwenyewe. Ni yule mwanamume mweupe aliyenunua nyumba ya kina Hargrove, Desmond, anayetembeza mbwa aliyevaa sweta. Mtaani tulikuwa tunamcheka, kisha tunanyamaza, kwa sababu tuliona kuwa baada yake watakuja wengine, na bei ya nyumba itapanda nao. Alikuja mpaka geti la Bibi Odile akauliza kama mtu wa miezi minne hapa anaruhusiwa.

"Mtu wa miezi minne ana mgongo?" Bibi alimuuliza.

"Anao, mama."

"Basi mwache huyo mbwa nyumbani."

Mzee Lavelle aliwafundisha uani kwa kutumia meza ya chakula. Yeye alikaa kwenye kiti, goti limenyooshwa, anaelekeza kwa fimbo. "Mikono chini, mshike vishikio. Hatua ndogo. Mnatoka kanisani, mnashuka ngazi, mnamwingiza kwenye gari. Basi, kazi imekwisha. Binti, waambie wajomba zako."

Niliwaambia kwa Kikanjobali, lugha yetu ya milimani, neno kwa neno. Mjomba alisema sawa. Kwa mjomba, "sawa" ni neno la kumfanya mtu anyamaze.

Siku ya mazishi Bibi Odile alitazama wale sita wamejipanga ukutani kanisani: Cuco na shemeji yake katika suti nyeupe za harusi, Desmond mrefu kama mlingoti, mjomba na wenzake wakimfikia Desmond kwapani. Sanduku la nguo la Bibi lilikuwa tayari kwenye gari la Renelle. Nililiona wakati wa kuja. Alikuwa amelifunga usiku wa siku ile ile aliyosema, na hakulifungua hata baada ya kusikia watu wamepatikana. Nilimwelewa. Kupata watu wa kushika vishikio si sawa na kupata mtaa.

Walimwinua mzee. Walitoka mlangoni mikono chini, vizuri, Mzee Lavelle akitikisa kichwa kuwa ndiyo, ndivyo. Walipofika ngazi ya mwisho, mjomba alisema neno moja kwa lugha yetu, na yeye na Xun na Lwin wakampandisha begani. Kwetu mikono chini hubebwa gunia, au mlevi. Jeneza likainama upande. Desmond na Cuco na shemeji hawakuelewa neno, ila waliona wazi kuwa mzee atamwagika, wakapandisha na wao, Desmond amekunja magoti ili jeneza likae sawa.

Mtu wa mazishi alikuwa amefungua mlango wa gari. Wakampita. Wakashika barabara.

Nilipaswa kupiga kelele. Nilijua kinachoendelea, na mdomo haukufunguka.

"Wanampeleka wapi baba yangu?" Renelle aliuliza. "Nyie, gari liko huku. Mama, wanampeleka wapi?"

Bibi Odile alinitazama mimi.

"Wanampitisha nyumbani," nikasema. "Kwetu maiti hapandi gari kabla ya kupita kwake, aiage nyumba. Akishawekwa begani hawezi kuteremshwa njiani. Nisamehe, bibi, mimi nilitafsiri vizuri, mzee alisema mpaka kwenye gari, nikawaambia mpaka kwenye gari." Sikuwa nimewahi kumwambia maneno mengi hivyo kwa mara moja.

"Nani kawaambia wafanye hivyo kwa mume wangu?"

"Hakuna mtu, bibi."

Alivaa kofia yake. "Opelousas, kule Luiziana, walimpitisha baba yangu hivi, kwa miguu, mtu wa tarumbeta akiwa mbele," akasema. "Nilipokuja huku nikaambiwa California hawana mambo hayo."

Akashuka ngazi, akawafuata.

"Mama, viatu vyangu si vya kutembelea," Renelle alisema.

"Vivue."

Kutoka kanisani hadi kwetu si mbali, lakini ni barabara kubwa. Gari la maiti lilitufuata tupu, polepole. Mama anayeuza tamali, ule unga wa mahindi unaopikwa ndani ya maganda yake, alizima jiko lake pale kwenye kona akajiunga nasi, aproni bado kiunoni. Kinyozi alitoka, na mteja wake akatoka amenyolewa upande mmoja. Watu walitoka uani, kwenye vile viti vinavyotazamana, wakasimama mbele ya nyumba zao, na wengine nilikuwa sijawahi kuwaona ingawa tumekaa mtaa mmoja miaka saba.

Kwenye taa za barabarani gari la askari wa kaunti lilisimama. Akashuka kijana mmoja. "Nani ametoa kibali cha kufunga barabara?"

Mzee Lavelle alikuwa nyuma kabisa, anakokota goti. Tulimsubiri afike, maana hakuna mwingine aliyejua la kujibu.

"Kibali kitoe wewe, mwanangu," akasema akihema. "Sisi meya hatuna."

Askari alitazama jeneza. Desmond alikuwa anatetemeka magoti, Cuco analia bila kuficha, jasho na machozi vikishuka pamoja kwenye suti ya harusi. Askari akavua kofia, akarudi kwenye gari lake, akaliweka katikati ya njia panda na taa zikiwaka. Tukapita.

Nyumbani waliteremsha jeneza getini, kichwa kikielekea mlango. Mjomba alisogea akaiambia nyumba, kwa lugha yetu, kwamba mwenyewe anaondoka, isimngoje. Kisha wakaitoa marimba kutoka kwetu uani, watu watatu kwenye ubao mmoja, wakapiga wimbo wa taratibu ambao kwetu hupigiwa wafu. Renelle alisimama pekupeku kwenye nyasi, viatu mkononi. Nilidhani atagomba. Akasema, "Baba alikuwa akilalamika juu ya huo mlio kila Jumapili."

"Alikuwa akifungua dirisha ili aulalamikie vizuri," Bibi Odile akasema.

Wimbo ulipokwisha alimgeukia binti yake. "Kabla hatujaenda makaburini, toa lile sanduku garini. Likae chumbani kwangu. Halafu uwaambie akina mama wa kanisani chakula hakitakuwa kule ukumbini. Kitakuwa hapa mbele, watu wakione."

"Mama, una hakika?"

"Renelle. Nimeshindana na jua la California miaka sitini. Jangwani nitafuata nini?"

Jioni, baada ya kuzika, meza zilipangwa uwanjani mpaka kwenye njia ya magari. Gambo, mchuzi mzito wa kwao Luiziana wa kamba wa baharini na bamia, ilikuwa kwenye sufuria kubwa, na pembeni tamali kwenye ndoo. Desmond hakuweza kuinua kijiko kwa mkono wa kulia. Shemeji wa Cuco akawa anamcheka na kumpakulia. Bibi Odile alipita kila meza akiuliza majina, na jina asilolishika alilirudia mpaka likakaa.

Mjomba alikula akashiba, akala tena. "Wamemzika vizuri," akasema. "Lakini yeye hapa ni kwao. Sisi kwetu ni kule. Katal, siku yako ikifika tutachanga, utapanda ndege mpaka kwa mama yako mlimani."

"Atapanda ndege kwa mara ya kwanza na hataona dirisha," Xun akasema, wakacheka.

Nikaitikia kwa kichwa, kama ninavyoitikia kila mara. Ni maneno ya upendo na sikutaka kuwaharibia chakula.

Mjomba, sikukwambia pale, nakwambia sasa. Msichange. Mimi msinirudishe. Nitoeni mlikonilaza, mniweke begani, mnipitishe barabara hii yote mpaka kwenye lile geti, hata kama siku hiyo patakuwa panakaa watu wasionijua kabisa. Gongeni mlango. Waambieni watoke, kuna mtu wa mtaa anapita.